Baba, Nimefika Kwenu

Baba,

Nimefika kwenu. Nianze na hilo, maana najua ndilo ungetaka kulisikia kwanza, hata kabla ya salamu. Nimefika, nimekaa miezi minne, nimekula ndizi mpaka nikachoka, na nimerudi. Mama hakurudi. Usishtuke. Haumwi, wala hakuna baya lililompata. Yuko mzima kuliko nilivyopata kumwona. Nitakueleza yote polepole, jinsi yalivyofuatana.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba yetu. Wewe hukupata kujua lugha ya Kipsigis zaidi ya salamu na kuomba maji. Mama hakujua Kiganda hata neno moja. Basi mkakutana katikati, na mimi nikazaliwa hapo katikati. Watoto wengine wa kambi ya wafanyakazi wa chai walikuwa na lugha ya mama zao na lugha ya kazi. Mimi nilikuwa na hii moja tu, na sikujua kwamba kuna mahali itanitia aibu.

Siku uliyotuacha mvua ya mawe ilikuwa imepiga chai tangu mchana. Wachumaji walirudi mapema, vikapu nusu, na kengele ya kiwandani haikulia. Mapafu yako yalikuwa yakikoroma kama msumeno uliokwama kwenye ubao mbichi. Ulimshika Mama mkono ukasema, "Nendeni nyumbani." Mama akakujibu, "Nyumbani ni hapa, Fundi." Ukatikisa kichwa. Halafu ukanitazama mimi, na mimi... Baba, mimi nilifikiri unataka maji. Nilikwenda kuchota maji. Niliporudi na kikombe, Mama alikuwa amekwisha kukufumba macho.

Wenzako wa karakana walikutengenezea jeneza kwa mbao za masanduku ya chai, maana hapakuwa na nyingine kavu. Lilinukia majani. Tulikuzika katika makaburi ya kanisa, upande wa juu, ambako maji hayatuami.

Siku ya nne karani alikuja, amevua kofia. Alisema nyumba ni ya fundi seremala, na fundi seremala mpya yuko njiani. Hakusema kwa ubaya. Mama alimuuliza, "Miaka kumi na moja tumekaa hapa, na miti ile ya matunda nimepanda mimi. Nayo ni ya fundi mpya?" Karani akatazama chini.

Fundi mpya alifika, kijana wa kutoka upande wa ziwa, jina lake Okelo. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Alisimama mlangoni, sanduku la vyombo begani, akaona mkeka wa matanga na wanawake waliokaa. Akasema, "Mama, pole. Mimi nitalala karakana. Mkimaliza mambo yenu mtaniambia." Alilala karakana majuma matatu, juu ya takataka za randa, katika baridi ile ya Kericho ambayo wewe mwenyewe uliiita adui yako. Kila asubuhi alituletea kuni alizochanja. Sijui mtu wa namna hiyo analipwa wapi.

Tungekwenda wapi? Unajua kaka zake Mama walisema nini alipoolewa na wewe. Walisema hawana dada tena. Tulimtuma mtu kule Bomet kuwapa habari ya msiba wako, akarudi na jibu kwamba wamesikia. Basi. Wamesikia.

Ndipo Mama aliposema, "Twende tukaione hiyo nchi yake."

Na ni yeye aliyesema, Baba! Yeye ambaye kila jioni alikuwa akibishana nawe. Nakumbuka maneno yenu yote. Wewe unakwangua sufuria ya posho na kusema, "Kwetu unga huu hupewa kuku. Kwetu mtu havai kipande, kibati cha kitambulisho, shingoni kama mbuzi. Kwetu mtu mweusi hulima kahawa yake na kuiuza mwenyewe." Mama anakuachia umalize. Halafu anasema kwa ile sauti yake, "Huku kuna paridi, lakini kuna masiwa. Kwenu kuna mbu." Nawe unamcheka, unamwambia aseme *baridi*, aseme *maziwa*, naye anasema "paridi" kwa makusudi ili ucheke tena. Lakini alipokuuliza, "Kama kwenu ni kuzuri hivyo, mbona uliondoka?" hukucheka. Ulisema, "Nilikuwa kijana," ukatoka nje kutafuta kazi ya kufanya.

Sasa najua kwa nini uliondoka. Nitafika hapo.

Lori la chai lilitupeleka stesheni ya Lumbwa. Gari la moshi liliposhuka Fort Ternan, joto likatupokea, na Mama akaanza kuvua shuka moja baada ya nyingine mpaka akabaki na gauni, akasema, "Tumeingia jikoni." Kisumu tulipanda meli. Mama alikaa juu ya bunda letu siku nzima, ameligeuzia ziwa mgongo. Hakutaka kuliona. Asubuhi ya pili tulishuka Port Bell, na mtu mmoja wa kanisa, aliyesoma jina la kijiji chenu kwenye karatasi yangu, akatupandisha kwenye gari la pamba lililokuwa likirudi tupu upande wa Mukono.

Baba, hukutudanganya. Nataka ujue kwamba nilipoona zile nyumba nilitaka kulia kwa ajili yako. Kila nyumba ina shamba lake la ndizi, na kila shamba lina mtu anayesema "langu". Mabati yanang'aa. Wanaume wamevaa kanzu nyeupe, wanapita kwa baiskeli, na shingoni hakuna kitu! Nilitazama shingo za watu siku nzima kama mwizi. Hakuna kengele asubuhi. Mtu huamka, huenda kwenye kahawa yake, akichoka huketi. Watoto wa kike wanasoma. Nilisema moyoni, Baba alikuwa akisema kweli miaka yote hii, na sisi tulikuwa tukimcheka.

Dada yako mkubwa yuko hai. Anaitwa Senga na kila mtu, yaani shangazi, nami nikamwita Senga. Alikuwa ameketi barazani akimenya ndizi. Nilimpa ile Biblia yako yenye jina lako. Aliishika, akapitisha kidole juu ya mwandiko, akaniangalia uso, akaniangalia masikio. Una masikio yanayojitokeza, Baba, na mimi ninayo. Akasema, "Kulika," ambalo kumbe ndilo neno la kumpokea mtu atokaye safari, kisha akauliza jambo moja. Mwanawe, Danieli, anayejua Kiswahili, akalitafsiri: "Anauliza, yeye yuko nyuma?"

Alidhani unakuja nyuma yetu, labda unabeba mizigo.

Mama ndiye aliyesema. Hakuhitaji mkalimani, alikwenda, akakaa chini karibu naye, akaweka kiganja cha mkono wake juu ya udongo, akakipigapiga mara mbili. Senga akaelewa. Walikaa hivyo mpaka ndizi zikawa nyeusi kwenye beseni.

Lakini siyo yote yalikuwa mazuri, na nikikuficha utajua. Watoto walinifuata njiani wakiniita *mugwira*, mgeni. Nilijifunza kupiga magoti kumsalimu mwanamume, hata mwanamume mdogo kuliko mimi, na goti langu halikupenda. Mama alikataa kabisa. Alisema, "Mimi napigia Mungu magoti, tena Jumapili." Senga alipotafsiriwa maneno hayo, alifunika mdomo kwa nguo, mabega yakamtikisika. Mbu walimtia Mama homa mara mbili. Na maziwa hakuna. Mama alihangaika mpaka akapata kibuyu, akapata maziwa kwa mchungaji wa ng'ombe aliyepita, akachoma mkaa wa mti asioujua, akatengeneza mursik, maziwa ya kugandisha ya kwao. Akasubiri siku zake. Akampa Senga. Senga akaonja, akatema uani, akakimbilia maji! Kisha wote wawili wakacheka mpaka wakashikana. Tangu siku hiyo walikuwa wakienda shambani pamoja, kila mmoja akiongea lugha yake, na hakuna aliyengoja jibu.

Jambo lililoniumiza lilikuwa jingine. Danieli analima pamba, na huajiri vibarua wanaotoka mbali kusini, kutoka Ruanda, watu waliotembea majuma kwa miguu. Wanalala katika vibanda vya majani ya migomba nyuma ya shamba. Asubuhi moja nilikuwa nikipita na mtungi, nikamsikia Danieli akipaza sauti: "Haya! Upesi! Chukua ile! Wewe, mvivu, simama!" Kwa Kiswahili, Baba. Lugha yetu ya mezani. Lugha uliyoniimbia. Pale ndiyo lugha ya kufokea vibarua, na watu wenye heshima hawaisemi nyumbani. Nilisimama na mtungi wangu nikawa kama niko kambini tena, nyapara anapita na kiboko. Mwanamke mmoja alikuwa ameketi pembeni ya mtaro na mtoto mgonjwa. Nikamwambia, "Mama, pole. Mtoto ana nini?" Aliniangalia kana kwamba jiwe limesema. Hakujua Kiswahili zaidi ya zile amri. Nikamwachia maji.

Danieli aliniambia jioni, bila hasira, "Dada, wewe ni mtu wa ukoo. Usiongee na wapagazi." Ndivyo wanavyowaita vibarua. Nikamjibu, "Baba yangu alikuwa mpagazi kwetu." Akasema, "Hakuwa mpagazi. Alikuwa fundi." Nikasema, "Alivaa kipande." Siku iliyofuata nilimwona akimpelekea mwanamke yule dawa ya homa katika karatasi. Danieli si mtu mbaya, Baba. Nitakuonyesha.

Senga alinipeleka ziwani. Ni mwendo wa nusu siku kwa miguu. Njia ilikuwa msitu mtupu, na katikati ya msitu niliona migomba ya zamani imesongwa na miti, na mawe matatu ya jiko. Alisimama hapo. Danieli alikuwa pamoja nasi, akatafsiri maneno yake kidogo kidogo. Hapa alikaa mama yetu. Hapa baba. Hapa wadogo zetu wanne. Ugonjwa wa malale uliingia, wakalala mmoja mmoja, wanalala na chakula mkononi. Serikali ikaja ikawaondoa waliobaki, ikachoma nyumba. "Ndugu yangu alikuwa na miaka tisa au kumi. Alichimba makaburi pamoja na wanaume. Alichimba la mama." Alipokua na kujifunza useremala misheni, alisema hawezi kulala katika nchi hii, kwa sababu kila akilala anaogopa hataamka. Akapanda meli.

Baba.

Ulituambia habari za ndizi. Ulituambia habari za kanzu, na ngoma, na kahawa. Kila jioni ulitupa nchi nzima tuishike mkononi, na hukutupa makaburi. Nimekaa nikifikiri ni mara ngapi Mama alikuuliza swali lile kwa mchezo, na wewe unatoka nje kutafuta kazi, na kazi haikuwepo. Nilikuwa nakuona unasugua ubao uliokwisha kusuguliwa. Laiti ningejua ningekuja nikakaa tu karibu.

Sasa habari ya Mama. Senga alikuwa amekulindia kiwanja. Miaka yote! Ulipoondoka, wazee walitaka kukigawa, akakataa. Amekipalilia mwenyewe, amepanda migomba mipya kila ya zamani ilipokufa, kila mavuno akiwaambia watu, "Hiki ni cha ndugu yangu, atarudi." Danieli alikitaka kwa pamba yake na alikuwa amengoja muda mrefu. Senga alipotangaza kwamba kiwanja sasa ni cha Mama, palikuwa na maneno. Mwanamke. Mgeni. Hana mtoto wa kiume. Hajui hata kushika kisu cha kupogolea mgomba. Wazee wa ukoo wakaitwa.

Walikaa barazani, saba, kanzu zimetandazwa juu ya magoti. Wakamwuliza Mama anataka nini. Na mkalimani ni nani? Ni Danieli, hakuna mwingine. Niliona jasho usoni pake. Angeweza kugeuza lolote, nasi tusingejua.

Mama alisimama. Unajua hasemi mbele za watu. Alisema hivi, na nimeyashika neno kwa neno: "Mume wangu alinijengea jiko katika nyumba tatu. Zote za wengine. Kila tulipohama, niliacha mboga yangu imeota. Nimekwenda kutazama kile kiwanja. Mwanamke huyu amelima kwa ajili ya mtu ambaye hajui kama yuko hai. Mimi nilikuwa na huyo mtu. Nilimpikia mimi. Sijui ndizi. Nifundisheni ndizi."

Danieli akatafsiri. Sijui Kiganda sana, lakini nilikuwa nimekaa miezi mitatu, na nilisikia kwamba hakuacha neno. Hata "nilimpikia mimi" hakuliacha. Mzee mkubwa akatazama chini, akamwuliza Senga jambo, Senga akajibu kwa kichwa. Ikawa imekwisha, kiwanja ni cha Mama. Kesho yake Danieli alikuja na jembe, akamwonyesha Mama jinsi ya kuchagua chipukizi la kuacha na la kukata. Mama akakata lile zuri kwa makosa. Danieli akashika kichwa!

Mama aliniomba nibaki. Hakuniomba mara mbili. Nilikuwa na ahadi ya kazi; kabla hatujaondoka, mke wa mchungaji wa misheni ya huku upande wa Kapkatet alikuwa ameniambia kuna wasichana wa Kipsigis wanaotaka kusoma na hakuna mwanamke wa kuwafundisha. Lakini siyo kazi tu. Kule mimi ni binti wa ukoo, nimepewa jina la bibi yako, nina mahali pa kuzikwa. Kila kitu kipo. Ila kila asubuhi nilipoamka nilikuwa naisikilizia baridi, na haikuwapo. Nilimwambia Mama hivyo, nikiona haya. Akasema, "Nenda. Paridi ikikuita, nenda."

Nikarudi peke yangu. Nilipopanda gari la moshi Kisumu, mwanamume aliyekuwa mbele yangu alisimamishwa na askari. "Kipande!" Akatafuta kifuani mpaka kile kibati kikaonekana. Watu wote walingoja, na hakuna aliyeshangaa. Miezi minne nyuma mimi pia nisingeshangaa. Hilo ndilo nililopewa na nchi yako, Baba: sasa naona. Kama nimevuna chochote katika safari hii, ni kwamba siwezi tena kuona kibati kile nikasema ndiyo dunia. Na siwezi kuwaona wale wa vibanda vya majani nikasema Uganda ni peponi. Ukiniuliza wapi ni afadhali, nitakujibu kwamba kule Mama ana ardhi na hapa hakuwa nayo, na ungekuwa hai ningekusukuma upande meli kesho. Lakini kwa mwingine, yule mama wa mtaroni, sijui ningemwambia aende wapi.

Nilipofika Kericho nilikwenda kwanza kwako. Kaburi lilikuwa limepaliliwa. Okelo ameweka msalaba wa mti mgumu, amechonga jina lako vizuri kuliko karani angeliandika. Nilimkuta karakana nikamshukuru. Akasema, "Nimekaa katika nyumba yake. Ningefanya nini?" Matunda ya Mama yameanza kuiva, akanipa mfuko.

Sasa nakaa Kapkatet, katika chumba kimoja cha udongo karibu na shule. Wasichana wanakuja na mafuta usoni, wengine wamewatoroka baba zao. Jana mmoja, mkubwa kuliko wengine, aliandika jina lake mara ya kwanza. Alilitazama, kisha akaniuliza kwa Kipsigis, ambayo nami ninajifunza sasa pamoja nao, kama jina hilo linaweza kufutwa na mtu. Nilimwambia karatasi inaweza kuchanika, lakini mkono umekwisha kujua. Alimchekea mwenzake, akaliandika tena.

Baba, nakuaga. Sikukuaga siku ile kwa sababu nilikwenda kuchota maji, na jambo hilo limenikaa kooni mpaka leo. Kwa hiyo nasema sasa, polepole, nikiwa nimekaa: kwaheri, Baba yangu. Lala bila kuogopa. Hakuna anayekungoja uamke kwenda popote.

Nakuahidi haya. Kila shule itakapofungwa nitapanda meli kwenda kwa Mama, na nitakupitia kwanza kukuambia ninamchukulia nini. Siku Senga atakapokufa nitakwenda kumlilia kwa niaba yako, kama mtoto wa ndugu anavyopaswa. Na Mama akizeeka sitamwamulia mimi wapi alazwe. Nitamwuliza mwenyewe, naye nitamtii, hata akitaja mahali pa mbali.

Wingu limefunga upande wa Bureti na nguo zangu ziko nje. Ngoja nikaanue.

Binti yako,
Rebeka